Kufunga Mpaka Saa Sita

Kijiji cha Karurumo,
Embu.
Ijumaa, 13 Mei 1955

Mpendwa mpwa wangu Njue,

Anayekusalimu ni mjomba wako Zakaria Nthiga, ambaye amefunga siku arobaini, usiku na mchana, kama Musa mlimani, bila mkate wala maji, na uso wake unang'aa hata watu wa Karurumo wanamwomba aufunike kwa kitambaa wapate kulala.

Umeshacheka? Basi si kweli. Nimefunga tangu asubuhi tu, na sasa ni saa nne, na jua limekwama pale pale kama gari la serikali kwenye matope. Nilitaka uone jinsi watakatifu wanavyoanza barua zao.

Lakini hujambo? Mkeo Lydiah hajambo, na watoto? Wamezoea maziwa ya ngamia au bado wanayatema? Nasikia upepo wa Marsabit unachukua kofia za watu. Yako ifunge kwa kamba, kichwa chenyewe hakina nywele za kuishikilia. Sisi huku wazima, maana yake tunaamka. Ule mguu wangu niliouumiza Kariakoo, nikibebea jeshi mizigo wakati wa vita vya Wajerumani, bado unatabiri mvua kuliko redio. Mke wangu Rwamba anakusalimu na anasema umenenepa. Amejuaje, sijui. Mama yako Karwirwa tulihesabiwa pamoja jana jioni langoni, yupo, anakohoa kidogo.

Nakuandikia Kiswahili, na si kwa majivuno. Barua ya Kiembu ikishikwa kwenye kizuizi cha barabarani inalala hapo mpaka apatikane mtu wa kuisoma, na hii haiwezi kulala. Inakuja kwa mkono wa Aweys, yule Msomali wa Makutano kule Meru, mwenye lori, anayenunua maharagwe yetu na kupeleka bidhaa mpaka kwenu. Sasa hivi anapakia. Ameniambia nina muda mpaka gunia la mwisho, kwa sababu yuko kwenye Ramadhani na anataka futari imkute Makutano. Na wewe bwana wa kizuizini, kama umeshaifungua, habari yako pia. Soma polepole. Hakuna bunduki humu, kuna njaa tu.

Njue, kuna mtu amewekwa posti, pale wanapokaa walinzi wa kijiji, kwa sababu yangu. Nitafika hapo. Usinikimbize, nikikimbizwa nasema uongo.

Unakumbuka nilikuandikia baada ya Krismasi. Tangu watutoe makwetu na kutupanga hapa kama magunia ghalani, nyumba inaikoholea nyumba, na mtaro wa miti iliyochongwa umetuzunguka, mimi situlii. Nikikaa nasimama. Nikisimama natafuta pa kukaa. Rwamba anasema nina siafu ndani ya suruali. Ndipo nikakuuliza: mwanangu, wewe unayekula mshahara wa Mungu, hivi mtu anamkaribiaje huyu bwana wako? Maana nimebatizwa miaka mingi, na mpaka leo mimi na yeye tunasalimiana kwa mbali, kama watu wa ng'ambo mbili za mto uliofurika.

Ukanijibu kurasa mbili, mwandiko mzuri kama wa karani. Ukasema nisingoje moyo utulie ndipo niombe. Niombe tu, moyo utanifuata nyuma kama ndama. Niingie chumba cha ndani, nifunge mlango, niombe sirini. Kila siku nikae kimya kidogo nimsikilize. Ijumaa nifunge kula mpaka saa sita, kwa sababu ya uzee wangu, na kile chakula ambacho sikukila nimpe asiye nacho, mkono wa kushoto usijue. Na nisikunje uso kama wanafiki. Nipake kichwa mafuta, ninawe uso, mtu asijue. Nikaenda kwenye Injili, Matayo sita, nikaisoma mwenyewe kwa kidole. Kweli, yamo yote.

Lakini mpwa wangu, wewe unakaa Marsabit. Huko mtu akijificha na Mungu, amejificha na Mungu. Huku kwetu, tangu hii Emajensi, hali ya hatari ya serikali, iingie, mtu akijificha ana kesi.

Tuanze na chumba cha ndani. Nyumba yangu ni ya mviringo, tunalala humo sisi wawili na shemeji wa Rwamba na watoto wake na kuku mmoja asiye na adabu. Chumba cha ndani ni kipi? Nilizunguka kijiji kizima nikitafuta mahali penye mlango ambapo mtu akiingia hafuatwi. Nikapata mahali pamoja tu. Choo. Mlango ni gunia, lakini ni mlango, na sheria ya kijiji ni kwamba mtu akiwa humo haulizwi anafanya nini. Basi nikawa naomba humo, nimesimama, nimeziba pua kwa mkono mmoja. Baba yetu uliye mbinguni. Nilikuwa nikifika kwenye mkate wetu wa kila siku nasikia watu wamepanga foleni nje wanakohoa.

Watu wakaanza kunihurumia. Mama mmoja akamwambia Rwamba, "Mzee wako tumbo linamwendesha." Rwamba akanichemshia mizizi ile michungu, bakuli zima, akasimama juu yangu mpaka nikaimaliza. Niliinywa. Ningefanya nini? Ningesema sina ugonjwa, angeuliza, basi humo ndani unakaa kufanya nini? Nilikunywa dawa ya kuhara wiki mbili kwa ajili ya jina la Yesu, na sijui mtume gani mwingine aliyeteswa hivyo.

Kimya nacho. Ulisahau unamwandikia nani. Zakaria wa Biblia alizuiwa ulimi na malaika. Wangu, huyo malaika angerudi mbinguni kuomba msaidizi. Lakini nilijaribu. Nikaenda kukaa kwenye ukingo wa mtaro, nikaelekeza macho mlimani, nikanyamaza. Nilinyamaza vizuri sana kwa muda wa kutosha kumenya ndizi tatu. Kisha sauti ikatoka juu. Nikashtuka nikadhani ndiyo hiyo. Kumbe ni kamatimu, hawa walinzi wetu wa mikuki, kwenye mnara.

"Wewe mzee! Unangoja nani hapo?"

"Namngoja Mungu."

"Atapitia lango gani?"

"Hajaniambia."

"Ana pasi?"

Nikamwambia nitamuuliza akifika. Nilipewa jembe siku hiyo hiyo, nikachimba mtaro mpaka jioni. Unaona? Mtu aliyenyamaza akiangalia msitu anawapa waliojificha humo ishara. Mtu anayeongea hana neno. Ningekaa pale nikimtukana Rwamba kwa sauti, hakuna ambaye angenigusa.

Sasa kufunga. Hapa ndipo mambo yalipoharibika, nivumilie.

Ijumaa ya kwanza nikaamka nikafanya kama ulivyoagiza. Nikanawa uso. Nikapaka kichwa mafuta, yale ya mbarika, maana mengine hatuna, na unajua harufu yake. Rwamba akapakua githeri yake ya mahindi na kunde kwenye sahani yangu ya bati, ile ya ukingo wa buluu. Nikamwambia nakwenda kula na wazee wenzangu nje. Nikapita na sahani chini ya koti kama nakwenda chooni, safari ambayo kila mtu alishaizoea, na nyuma ya choo kuna nyumba ya Gacheri.

Gacheri unamkumbuka, yule mjane aliyeolewa kutoka Meru, mwembamba, anayeimba sauti ya juu kanisani mpaka vioo vinaogopa. Mtoto wake Muriithi aliingia msituni kwa wapiganaji, na hakuna ajuaye kama yu hai. Ndiyo sababu amri ilitolewa: nyumba yenye mtu msituni isipewe kitu, na mwenyewe asipewe ruhusa ya kwenda shambani. Anachimba mtaro na wanawake wengine, lakini wengine wakirudi wana cha kupika. Nikatazama kijiji kizima nikitafuta asiye nacho, Njue, na sikuhitaji kutafuta mbali. Nikainua gunia la mlango wake, yeye yuko kazini, nikasukuma sahani ndani, nikaondoka. Jioni nikapita nikaikuta mlangoni, imeoshwa.

Hivyo kila Ijumaa. Na nikuambie, nilianza kupenda. Asubuhi njaa inauma, nasikia tumbo linanitukana kwa Kiembu safi, lakini kuna kamlango kadogo kanafunguka mahali fulani, sijui wapi. Sitaki kuongeza maneno. Wewe ndiye unayelipwa kuyaongeza.

Lakini Rwamba si kipofu. Siku moja alisimama kati ya nyumba akawatangazia majirani, na mimi niko ndani nasikia:

"Mtu hajanawa uso tangu vita vya Wajerumani! Leo kila Ijumaa ananawa mpaka nyuma ya masikio! Anapaka mafuta! Anatoka na sahani, anarudi bila sahani! Nyinyi mnaomjua, niambieni, ni nani huyo anayelishwa githeri yangu?"

Wanawake wakacheka. Lakini neno lilikuwa limetoka, kwamba kuna chakula kinatoka nyumbani kwa Nthiga na hakuna ajuaye kinakokwenda. Siku hizi neno kama hilo halitembei, linakimbia. Ijumaa iliyofuata kamatimu wakafanya msako nyumba hadi nyumba, na kwa Gacheri wakaikuta sahani chini ya kitanda, na nusu ya chakula ndani yake.

Jumapili baada ya kanisa hedmani Njuki, mkuu wa kijiji, akaita baraza. Tukaketi chini, wanaume huku, wanawake kule. Gacheri akasimamishwa mbele. Njuki akainua sahani juu.

"Mama, hii imetoka wapi?"

"Sijui, bwana."

"Imeingia kwako kwa miguu?"

"Ijumaa nikirudi kutoka kazini naikuta. Nakula, naosha, naiweka mlangoni. Ijumaa nyingine naikuta tena."

"Na anayeileta?"

"Nilisema ni Mungu," akasema Gacheri. "Sikutaka kumchungulia."

"Mungu anapika kunde?" akauliza Njuki. "Mungu ana sahani ya bati? Na hii nusu uliyoficha, ilikuwa ya kumpa nani?"

"Ya jioni, bwana."

Watu wakacheka kile kicheko cha watu walioogopa. Na mimi, Njue? Miguu hii ambayo haijatulia tangu mwaka jana, siku hiyo ilitulia. Ilitulia kama miguu ya meza. Moyo unasema inuka, miguu inasema sisi tuna starehe zetu hapa.

Kisha nikamwona Rwamba. Alikuwa ameitambua sahani. Akageuza kichwa polepole akanitazama kama mtu anayekagua mbuzi ambaye ameshaamua kumrudisha kwa mwenyewe. Alifikiri kile ambacho kila mke angefikiri. Na pamoja na kufikiri hivyo, sikiliza vizuri, akaanza kuinuka yeye. Akaweka mkono chini ajisukume, aseme sahani ni yake. Apigwe yeye, kwa ajili ya mzee mwenye mafuta kichwani na mwanamke ambaye Rwamba alidhani anamwibia mume.

Hapo ndipo miguu ilipopata aibu.

"Sahani ni yangu!" nikasema, na nilisema kwa sauti kubwa kuliko haja.

Njuki akanitazama. "Mzee Nthiga. Wewe ndiye uliyempelekea?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sikukila."

"Na kwa nini hukukila?"

"Nilikuwa nimefunga. Kwa ajili ya Mungu."

Mpwa wangu, nimewachekesha watu wa Karurumo tangu wakiwa watoto mgongoni. Nimewachekesha arusini, nimewachekesha kwenye mazishi, hata ya marehemu aliyekuwa akinichukia. Lakini sijawahi kuwachekesha kama siku hiyo. Kamatimu mmoja alishikilia mkuki asianguke. Mtu akapiga kelele nyuma, "Nthiga kufunga? Na fisi naye ameanza kula majani?" Mwanamke mmoja akasema, "Ndiyo maana anang'aa kichwa!" na kicheko kikaanza upya.

Njuki akafuta machozi. Akamwita Ndambiri, mwalimu wa kanisa letu hapa. "Mwalimu, wewe umemfundisha huyu kufunga?"

Ndambiri ni mtu mwaminifu, na uaminifu wake uliniua. "Hapana," akasema. "Huyu kanisani namjua kwa kukoroma."

Ningemlaumu vipi? Nilimficha hata yeye. Nilificha vizuri kama nilivyoagizwa.

"Kaa chini, mzee," akasema Njuki, na alisema kwa upole, hiyo ndiyo mbaya. "Umejaribu kumwokoa mama wa watu kwa uongo. Hata mimi ningependa kuwa na rafiki kama huyo. Lakini huyu atakwenda kufungwa kambini na lori la baada ya Pentekoste."

"Nimesema kweli!"

"Wewe?"

"Leo tu," nikasema.

Wakacheka tena. Lakini Njuki hakucheka mara hii. Akaniuliza, basi ni nani aliyenifundisha hayo, maana mzee kama mimi hawezi kuyaota. Nikasema, ni Njue wa Karwirwa, aliye Marsabit.

Akaiweka sahani chini. Unajua mlitahiriwa siku moja, maji baridi ya mto mmoja yaliwashika nyote. Akasema mbele ya watu wote, "Njue hasemi uongo. Tangu tukiwa watoto wa misheni, huyo hajawahi kusema uongo. Mwandiko wake naujua. Aandike yeye kwamba alikuagiza ufunge na utoe chakula, na barua hiyo inifikie kabla ya lori, huyu mama atarudi nyumbani kwake. Wewe utachimba mtaro kwa kutoa chakula bila ruhusa. Isiponifikia, mimi nimemaliza."

Nilikuna kichwa, Njue. Unajua kwa nini. Nitarudi hapo.

Tukatembea kurudi nyumbani, mimi na Rwamba, yeye mbele. Mlangoni akageuka.

"Kwa hiyo ulikuwa unafunga."

"Ndiyo."

"Na chooni?"

"Naomba."

"Na ile dawa yangu uliinywa yote?"

"Yote."

"Na mafuta?"

"Matayo sita."

Akakaa chini pale pale mlangoni akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akalia, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia, miaka yote hii amekula na mimi, ningemwambia tungekuwa na njaa wawili. Leo asubuhi naye hajala. Hajasema anafunga. Amesema tu kunde hazijaiva, na zimekuwa zikichemka tangu jana.

Gacheri bado yuko posti. Rwamba humpelekea sahani kila siku, waziwazi, sasa hakuna siri tena. Kamatimu wanaipokea langoni na kuila wenyewe, wanasema tena kwamba imepungua chumvi. Lakini juzi mmoja, kijana wa watu, alimpa Gacheri nusu. Rwamba aliona kwa macho yake kupitia kati ya boriti za ukuta. Nasikia jioni Gacheri anaimba humo ndani, ile sauti ya juu, na hakuna aliyemkataza.

Nimesimama nikaenda nikarudi. Aweys bado ana magunia. Nilipomweleza mambo haya alicheka akashika usukani. "Mzee, mimi tangu alfajiri mpaka jua lizame. Wewe mpaka saa sita? Hiyo si kufunga, hiyo ni kuchelewa chai." Kisha akaacha kucheka, akasema barua nimpe yeye mwenyewe mkononi, asiishike utingo, na jibu ataliweka ndani ya kofia yake. Atakuwa amerudi Meru kula Idi, na baada ya Idi atashuka kwetu kuchukua maharagwe. Njuki anasema lori linakuja siku chache baada ya hapo. Ndiyo maana nakuambia haiwezi kulala.

Utaniuliza, maana ndilo swali lako la kila barua, kama nimemkaribia Mungu. Sijui nikuambie nini. Bado situlii, na tangu Jumapili situlii zaidi. Nimemuuliza, nikiwa kwenye kile chumba changu cha ndani, hii ni kazi gani: unamwambia mtu atende sirini, akitenda sirini mjane anashikwa? Hakunijibu, kama kawaida yake. Lakini kuna jambo moja. Siku ile barazani, wakati kijiji kizima kinacheka, nilijua kwamba yuko mmoja ambaye hachekelei. Alikuwa ameniona kila Ijumaa, na sahani, na koti, na njaa. Aonaye sirini, si ndivyo? Nilijua yuko pale kama ninavyojua Rwamba yuko ndani ya nyumba hata taa ikiwa imezimwa. Ilikuwa muda mfupi kisha ikaenda. Nimekuwa nikizunguka kijiji tangu hapo nikiitafuta, kama mtu aliyeangusha sindano.

Shida ni kwamba shahidi huyo Njuki hawezi kumwita. Ndiyo maana nakuita wewe.

Msalimie Lydiah, mwambie ile kofia aliyonisukia naivaa hata nikilala, mafuta yameipendeza. Wabusu watoto kwa zamu ili wasigombane. Mama yako anasema uvae sweta, hata nilipomwambia huko ni joto mchana. Ndambiri anakusalimu pia, masikini, anapita mbali na mimi siku hizi kama amenikopa. Mungu akuzungushie mtaro wake mwenyewe, usio na miti iliyochongwa. Na baraka ya mjomba iwe juu yako, ambayo unajua nyumbani kwetu si ya kuchezea.

Sasa lile neno. Njue, jogoo. Yule jogoo mwekundu wa mwalimu mkuu wa misheni, aliyekuwa akiwika wakati wa sala. Ulikuwa mtoto, ulikuwa na njaa, ulimla nyuma ya ghala, manyoya yakakutwa. Nani alisimama mbele ya Mzungu akasema, ni mimi, Zakaria, nimemla peke yangu na alikuwa mgumu? Nilikatazwa meza ya Bwana misimu miwili na nikalima bustani ya misheni yote. Wewe ukakua, ukaitwa kijana asiyesema uongo, na mpaka leo Njuki anaapa kwa jina lako. Sikuwahi kukudai, na leo sikudai jogoo. Nilikusemea uongo mmoja mkubwa. Nisemee ukweli mmoja mdogo. Umenishinda kwa urahisi, maana wa kwako si lazima uutunge.

Na uandike sawasawa. Andika kwamba uliniagiza nifunge Ijumaa, mpaka saa sita. Usiandike siku nzima ili nipendeze, wala usiongeze arobaini. Nimechoka kuongezewa. Mpaka saa sita, Njue, hivyo hivyo ilivyo.

Aweys anapiga honi. Rwamba amekuja na sahani mbili, ameziweka chini, anatazama kivuli cha lori. Anasema saa sita ilipita zamani, nami sikuiona. Hiyo ya leo usiitie kwenye barua. Ilikuwa bahati mbaya.

Mjomba wako, akupendaye hata kabla ya chai,

Zakaria Nthiga